Mbao za Ukweni

Seremala hana haja na mbuyu. Hayo niliambiwa na mzee mmoja ndani ya basi, tulipokuwa tumeshaipita Mikumi na tembo wake na tunaelekea Ruaha Mbuyuni.

"Mti mkubwa namna hii, mama, hupati hata ubao mmoja," alisema, akiinyooshea kidole mibuyu iliyotapakaa mabondeni na vilimani. "Ndani ni nyuzi na maji tu. Ukiukata leo, baada ya muda si mrefu umeoza."

Kwetu Tanga mibuyu tunayo, lakini kwetu ni mti wa ubuyu, wa kivuli na wa hadithi za majini. Sikuwahi kuutazama kwa jicho la mtu anayetafuta mbao. Mzee huyo alikuwa ameendesha malori ya mbao kati ya Mafinga na Dar es Salaam sehemu kubwa ya maisha yake, na kila mti tulioupita alikuwa na hukumu yake: huu kuni, huu mkaa, huu mpini wa jembe.

Aliponiuliza niendako nikamwambia ukweni, Mafinga, na kwamba safari hii nakwenda kufundishwa useremala. Akaitazama mikono yangu, kisha akanitazama usoni. Hakucheka. "Ukifika," alisema, "usikubali mbao za mti mtoto." Mara wauza vitunguu wa Ruaha wakayavamia madirisha, naye akageukia kupatana bei, na maelezo yakaishia hapo.

Safari yenyewe ilisababishwa na meza. Watoto wangu walikuwa wakiandika kazi za shule wamelala kifudifudi juu ya mkeka, ule ule tunaolia chakula, na madaftari yao yalikuwa na madoa ya mchuzi ambayo walimu walishayazoea. Nilizunguka maduka ya samani mjini Tanga. Meza za mninga zilikuwa nzuri, ila bei yake ingetosha kuezeka banda. Zile za bei nafuu zilikuwa za unga wa mbao ulioshindiliwa na kubandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Jirani yangu anayo moja, na hewa ya bahari imeivimbisha pembeni mpaka inamomonyoka ukiigusa.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ana karakana Mafinga. Nilimpigia simu kuulizia bei, akajibu, nadhani kwa utani: "Shemeji, wewe si fundi cherehani? Njoo uitengeneze mwenyewe. Mbao za mzee zipo." Mume wangu alicheka kuliko ilivyostahili. Shule zilipofungwa mwezi wa Juni nikafunga nazi kwenye kiroba kwa ajili ya mama mkwe, nikawachukua watoto, tukaondoka. Mume akabaki na kazi yake bandarini, bado anacheka.

Mlima Kitonga hupandwa polepole. Malori yenye mizigo ya Zambia na Kongo hutambaa yakifuatana, korongo upande mmoja na mwamba upande wa pili, na abiria wote hunyamaza, hata wale waliokuwa wanabishana siasa tangu Chalinze. Ukifika juu umeingia nchi nyingine. Masikio yanaziba, madirisha yanafungwa, mibuyu haionekani tena. Ilula wanauza nyanya kwa ndoo. Ukishaiacha Iringa juu ya kilima chake, barabara inapita kwenye mashamba ya mahindi yaliyokauka na vilima vya majani, halafu miti inaanza: mirefu, imenyooka, mistari kwa mistari, yenye giza chini yake hata saa sita mchana.

Miti hii nayo ilikuja ugenini ikaolewa hapa kama mimi. Misonobari, au mipaina kama wanavyoiita wenyeji, asili yake ni Mexico, na mikaratusi ilitoka Australia. Majaribio ya kuipanda Sao Hill yalianza 1939, na upandaji mkubwa ukafuata miaka ya 1970. Leo shamba hilo la serikali lina zaidi ya hekta 130,000 na ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti nchini. Paa nyingi za Tanga, ukizifuatilia mizizi yake, zimetoka huku. Nilikuwa nimelala chini ya mti wa wilaya hii ya Mufindi miaka yote bila kujua.

Mafinga ni mji wenye harufu ya utomvu. Kando ya barabara kuna marundo ya mbao yaliyopangwa marefu kuliko nyumba, nguzo za umeme zimelala zikisubiri dawa, na kutoka mashambani husikika zile mashine ndogo za kupasulia magogo ambazo kila mtu huziita dingdong. Vumbi la mbao limefika hadi kwenye mabanda ya kuku. Tanga ulikuwa mji wa katani, na ukiwachokoza wazee wetu watakuhadithia bei za singa za enzi zao. Hapa mtoto wa darasa la nne anajua tofauti ya bei kati ya mbili kwa nne na moja kwa nane. Mashamba madogo ya miti yako kila upande, mengine yamepakana na jiko la mwenyewe. Watu hupanda mtoto akiwa mchanga na hukata anapotakiwa ada, au mapema zaidi akiugua mtu. Mti hautaki ukatwe mapema, ila ada haingojei mti.

"Kamwene," nilimsalimu mama mkwe, nikiwa nimepiga goti. Ni neno la Kihehe ninaloliweza bila kuchekwa.

"Kamwene," akajibu, akaniinua, kisha akaendelea kwa Kiswahili huku akivishika vidole vya wajukuu wake aone kama vimepoa. Vilikuwa vimepoa. Juni ya Mufindi haina huruma kwa mtu wa pwani. Asubuhi ukungu unakaa juu ya migomba kama hauna mahali pa kwenda, na maji ya kunawa uso yanauma meno.

Jioni tulikaa jikoni tumeuzunguka moto, kila mtu na kigoda chake. Tulikula ugali, majani ya maboga yaliyoungwa karanga, na viazi vilivyochomwa kwenye majivu, ambavyo watoto wangu walivila na maganda. Hakuna aliyetaja meza. Sahani zilikaa chini au mapajani, na kila aliyeingia alisogezewa nafasi. Kwetu tunakula mkekani, sinia katikati, na sheria ni hiyo hiyo: akija mgeni, watu wanajibana. Nilijiuliza kama meza ninayoitaka itaniletea adabu hiyo au itaiondoa. Mkeka hauna viti vinne.

Vile vigoda vyote vilikuwa vya kimo kimoja, vya chini sana. Mama, ambaye magoti yamemchoka, alikuwa akitaka kuinuka anashika bega la mjukuu aliye karibu.

Kesho yake zikatolewa nazi, na hapo pakaonekana tatizo: nyumba nzima haina mbuzi. Wala kwa jirani. Wala, tulivyoulizia, kwa jirani wa jirani. Nazi zilipangwa mezani kwa fundi, yaani juu ya benchi la kazi la shemeji, zikatazamwa. "Basi," akasema, "kazi ya kwanza tumeshaipata."

Karakana yake ni banda la mabati lenye kuta tatu, upande wa nne uko wazi kwa barabara. Kuna benchi zito la mkaratusi lenye jiriwa, randa za mkono, misumeno iliyotundikwa kwa ukubwa, patasi, na mashine moja ya kuranda inayonguruma mpaka umeme ukatike. Umeme ukikatika, kazi inaendelea kwa mkono na watu wanaanza kusikiana. Ana vijana wawili wanaojifunza kazi. Mwanzoni waliniita shikamoo-mama na kunipisha kila nilipopita. Haikuchukua muda wakawa wananituma gundi.

Kabla ya ubao nilipewa patasi na jiwe. Shemeji alimwagia jiwe maji, akanionyesha pembe ya kulalia chuma, akaenda zake. Ilikuwa kunoa, kufuta, kutazama kwenye mwanga, kunoa tena, mpaka chuma kikaweza kunyoa vinyweleo vya mkono. "Chuma butu ndicho kinachokata watu," alisema alipopita, "maana unakilazimisha." Mimi natumia mikasi kila siku na sikuhitaji kubembelezwa kwa hilo. Kilichonichosha ni mabega. Cherehani haikufundishi kutumia mgongo.

Mbuzi ya kukunia nazi ni shule nzuri kuliko inavyoonekana. Ni mbao mbili tu: moja ya kukalia, inayotangulia mbele na kubeba chuma chenye meno, na nyingine inayopita katikati yake, zikapishana na kusimama kwa kuegemeana. Ukimaliza kukuna unaikunja na kuitundika. Lakini tundu la kupishana likilegea inayumba, likibana haikunjiki, na mtu anaikalia kwa uzito wake wote huku mikono yake ikisukuma nazi kwenye meno ya chuma. Shemeji hakuwa ametengeneza hata moja maishani mwake. Nilimchorea chini kwa mkaa. Kwa hiyo siku ile kila mmoja alikuwa mwanafunzi wa mwenzake, na nadhani ndiyo sababu ilikwenda vizuri. Chuma tulikatiwa na mchomeleaji wa jirani kutoka kwenye kipande cha msumeno wa zamani. Usiku ule Mufindi ikala wali wa nazi. Mama alionja, akasema ni mtamu kama dawa ya kifua, sifa ambayo sijajua bado niipokeeje, kisha akaiomba mbuzi, akaikalia karibu na moto, akasema hicho ndicho kiti alichokuwa anakitafuta.

Ndipo ikaamuliwa kwamba kabla ya meza yangu kutakuwa na kigoda cha Mama.

Mafundi wana vipimo wanavyovijua kwa moyo. Kiti inchi 18, meza inchi 30, na kati ya kalio na ubao wa meza uache inchi 12 ili mapaja yapite na viwiko vitulie. Shemeji alianza kukata kwa kipimo hicho. Mimi nilikuwa na tepu shingoni, ndivyo ninavyotembea, nikaenda kumpima Mama: kutoka unyayo hadi nyuma ya goti inchi 15. Nikarudi nikamwambia shemeji mama yake ni mfupi kuliko kiti chake.

"Kiti kirefu ni rahisi kuinuka," alisema.

"Na miguu ining'inie kama ya mtoto kanisani?"

Tukabishana na kubishana, mwenyewe akiwa amekaa pale pale, mpaka akachoka, akaamuru ziletwe mbao. Tukampangia moja juu ya nyingine, akakaa, akainuka, akakaa. Tukapunguza. Tukaongeza kipande chembamba. Ilipofika inchi 17 aliinuka bila kumshika mtu, akabaki amesimama anatutazama kama mtu aliyetufumania. Nyayo zilikuwa zinagusa chini kwa vidole tu alipokaa, lakini alisema hilo ni lake, si letu. Kigoda kilikatwa inchi 17, na kila kitu kingine nilichotengeneza huko kilianzia na mwili wa mtu: magoti ya mwanangu mkubwa, kiwiko cha mdogo, mgongo wa mume wangu kwa kukumbuka. Shemeji alilalamika kwamba nitamharibia wanafunzi, kisha nikamwona anampima mteja wa kitanda.

Habari ya mti mtoto niliielewa siku tuliyokwenda kuzitazama mbao za mzee. Baba mkwe alipanda mipaina yake miaka ya 1990, nyuma ya nyumba, akakataa kuikata hata alipobanwa. Aliuza mbuzi, aliuza kiwanja, miti akaiacha. Baada ya yeye kufariki ilikatwa michache, ikapasuliwa, na mbao zikapangwa kivulini zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili upepo upite katikati, vichwa vyake vimepakwa rangi visipasuke. Shemeji alichomoa moja, na nyingine kutoka kwenye lundo la mbao za kununua, akaniwekea vichwa viwili ubavu kwa ubavu. Mipaina ya huku, kwa sababu ya kiangazi kirefu, huandika miaka yake kwa miviringo. Kwenye ubao wa kununua niliihesabu ikaishia nane, minene, na kiini cha mti kiko katikati. Kwenye ule wa mzee miviringo ilikuwa myembamba, imebanana, haina kiini.

"Huu," akaugonga ule wa kwanza, "ukikauka unajikunja kama mtu mwenye tumbo. Si kosa la mti. Ulikuwa bado unakua haraka." Ubao wa mzee aliuinua usawa wa jicho na kunipa nitazame: ulikuwa umenyooka.

Kulikuwa pia na zile mbao zenye rangi ya kijani, zilizotiwa dawa. Hizo ni za kenchi na uzio. Meza ambayo mtoto atadondosha tonge na kuliokota haifai kujengwa nazo, na nawaomba mafundi wa kwetu wanaozitumia kwa sababu haziliwi na mchwa wasikie.

Nilikuwa nimeshazipiga randa zile mbao za meza, zimelala benchi zikiwa nyeupe, na maranda yamenifika vifundoni, usiku ule walipokuja watu na tochi. Mzee jirani alikuwa amefariki. Walitaka jeneza, na mazishi yalikuwa kesho yake. Shemeji akatazama alicho nacho. Mbao pana zilizokauka na kurandwa zilikuwa zile tu. Hakunitazama mimi, alikwenda jikoni kumwuliza Mama.

"Marehemu ndiye aliyechimba mashimo na mzee," Mama alisema. "Zitoeni. Meza ina muda."

Tulifanya kazi mpaka alfajiri. Shemeji hupima kwa kamba, tepu ya karakana haitumii kwa kazi hiyo, na ile kamba huitumbukiza ndani ya jeneza kabla halijafungwa. Hakunieleza sababu nami sikuuliza. Mimi nilinyoosha kingo za mbao kwa randa, vijana wakakata pembe za mabegani. Katikati ya usiku, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua, akaniambia kwamba useremala alijifunza kwa majeneza. Ilikuwa ile miaka ya 2000. Utafiti wa kitaifa wa 2007–08 uliukuta mkoa wa Iringa, wakati huo Njombe ikiwa bado ndani yake, ukiongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, zaidi ya asilimia 15 ya watu wazima. Nilishaisoma takwimu hiyo mahali. Sikuwa nimeifikiria kama oda za seremala. "Vitanda vimekuja baadaye, shemeji," alisema. "Dawa zilipopatikana, watu wakaanza kuagiza vitanda, makabati. Nilikuwa sijui kutengeneza droo."

Msibani, mahali pangu palikuwa jikoni pamoja na wanawake. Nilifika nimechelewa, nina unga wa mbao kwenye nywele na harufu ya utomvu, na mama mmoja akauliza kwa sauti iliyokusudiwa kunifikia kama wakwe wa pwani ndivyo wanavyolia msiba. Mama mkwe alikuwa anamenya viazi. "Alikuwa kazini," alisema, bila kuinua macho. Nikapewa kisu, nikamenya na mimi. Mama yule baadaye alikuja karakana kuulizia bei ya benchi.

Mbao zilizobaki zikaamua ukubwa wa meza. Ile ya watu wanane niliyoichora ikawa fupi. Nikaona viti havitafaa, maana kiti ni cha mtu mmoja na akishakikalia ni chake. Nikaamua nitengeneze mabenchi mawili, moja kila upande, mtu akija wengine wasogee. Shemeji alisema benchi ni la shule na kanisa. Nikamwambia, na la barazani.

Kwa wiki za mwisho nilikuwa nikichonga ndimi na matundu. Ubao wa kulalia unachongwa ulimi kwenye ncha, mguu unatobolewa tundu, ulimi unaingia tunduni kwa kupigwa kidogo na nyundo ya mti. Ukiingia kwa kidole umelegea. Ukidai nyundo nzito, mguu utapasuka. Misumari haikuhitajika hata mmoja, jambo ambalo vijana walilithibitisha kwa kupanda juu ya benchi wote wawili na kuruka. Watu wa barabarani walisimama kutazama mwanamke anayepiga randa. Wanaume walinipa ushauri, wengi wao bila kuwahi kushika randa. Wasichana wa sekondari walisimama mbali kidogo, wanasukumana, mpaka mmoja akaingia akaniomba ajaribu. Alivuta randa kinyume na nyuzi, ubao ukang'oka vipande; shemeji akageuza ubao bila neno, akamrudishia. Alirudi tena siku nyingine, peke yake.

Kitu ambacho shemeji alikirudia kuliko vyote ni Tanga. "Mbao hizi zimekauka kwa hewa ya huku," alisema. "Kwenu kuna bahari. Zitakunywa." Ubao haurefuki kwa unyevu, au hurefuka kidogo mno usione, unapanuka kwa upana, kukatiza nyuzi. Ukiubana uso wa meza kwa gundi na skrubu kwenye fremu, utajivunja wenyewe ukitafuta nafasi. Mimi nililielewa mara moja, kwa sababu kitambaa cha pamba nacho hakikatwi kabla hakijaloweshwa. Basi uso wa meza haukugundishwa kwenye fremu. Tulichimba mfereji mwembamba upande wa ndani wa fremu, tukatengeneza vibao vidogo vyenye ulimi vinavyoteleza humo, vikashikwa na skrubu kwenye uso kutoka chini. Uso umeshikwa, ila una ruhusa ya kutembea.

Meza ilisafiri ikiwa vipande, fremu na miguu bila gundi, imefungwa kwa kamba za katani ambazo huenda zilitoka kwetu. Kondakta alidai nauli ya mtu mzima kwa ajili ya uso wa meza. Nikamwambia mtu mzima huyo hana tumbo, hali wala hashuki kuchimba dawa, akapunguza nusu. Mama alitusindikiza stendi akiwa na kigoda chake, akakikalia kungojea basi, na wasafiri wawili walimwuliza amekinunua wapi.

Nyumbani mume wangu aliacha kucheka tulipoanza kuunganisha. Alishika miguu, mimi nikapiga ndimi, watoto wakapaka gundi hadi kwenye viwiko. Chakula cha kwanza tulikila kimya, kila mtu akiwa hajui aweke wapi miguu. Mkeka haukufukuzwa. Ijumaa sinia hurudi chini, maana shangazi zangu wakija wanasema pilau ya mezani ni ya hotelini. Siku nyingine meza ni ya madaftari asubuhi, ya vitambaa vyangu mchana, na ya chakula usiku, na kwenye mabenchi wameshabanana watu ambao mchoro wangu wa kwanza usingewaweza.

Masika yalipoingia nilipima uso wa meza kwa upana. Ulikuwa umeongezeka robo inchi. Haukupasuka, haukupinda, vile vibao vidogo vilikuwa vimeteleza kwenye mfereji wake, ungeweza kuona alama mpya pale vilipohama. Nikampigia shemeji kumweleza, naye akaniuliza kwanza habari za droo.

Ndiyo, nimeanza droo. Mama anakuja Desemba na anataka kabati la nguo zake humu ndani ili asibebe begi kila mara, na mume wangu ameahidi kwa niaba yangu. Mbao za Mafinga ziko mbali, kwa hiyo nimekwenda Muheza kuulizia mfenesi. Nimeupata mmoja, umeangushwa na upepo kwenye shamba la michungwa, shina limenyooka, ukipasuliwa ni wa manjano kama pilipili ya kuiva. Mwenyewe anataka nichukue wote pamoja na matawi, nami nataka shina tu. Bado tunapatana.